Msikilizaji Asiyekuwepo: Uhakiki wa Programu Mbili za Kujifunzia Kifaransa

Mtu mzima anayeketi nyumbani kwake jioni, akafungua kompyuta na kuanza somo la kwanza la Kifaransa, huwa amekwisha kuikubali nadharia fulani ya lugha kabla hajatamka neno. Nadharia hiyo haijaandikwa kwenye skrini. Imo katika mpangilio wa picha, katika kinachoulizwa na kisichoulizwa, na katika namna kosa linavyohesabiwa. Kwa sababu hiyo, programu ya kujifunzia lugha inaweza kusomwa kama matini: ina sauti inayosema, ina mpokeaji iliyemdhamiria, na ina mambo inayoyanyamazia. Iser (1974) anapozungumzia msomaji aliyedhamiriwa, anakusudia nafasi ambayo matini yenyewe humtengenezea mpokeaji wake, naye hana budi kuikalia nafasi hiyo au kupambana nayo. Wazo hilo ndilo linalotumika hapa kuhakiki programu mbili za Kifaransa, yaani Rosetta Stone na À la rencontre de Philippe, kwa kuuliza swali moja: katika kila moja, mjifunzaji anasema na nani?

Kwa mjifunzaji wa Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa kila siku. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Kifaransa kimekuwa lugha ya jirani, ya mteja na ya mwenzi wa kazi. Hata hivyo, shule za sekondari za Tanzania zinazokifundisha ni chache, na vituo vya Alliance Française vipo katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Arusha. Mfanyabiashara wa Kigoma, au dereva wa lori apitaye Tunduma kuelekea Lubumbashi, akitaka Kifaransa, programu humfikia kabla ya mwalimu. Kile ambacho programu imekinyamazia, yeye atakikuta barabarani.

Picha iliyoachwa na mwalimu wake

Kufundisha Kifaransa kwa kuonesha bila kutafsiri si uvumbuzi wa kompyuta. Simulizi inayorudiwa mara nyingi ni ya Maximilian Berlitz, aliyefungua shule yake Providence, Marekani, mwaka 1878. Inaelezwa kuwa alimwajiri Mfaransa aitwaye Nicholas Joly, na Joly alipowasili ikabainika kuwa hajui Kiingereza hata kidogo. Berlitz alikuwa mgonjwa. Akamwachia darasa hivyohivyo. Aliporejea baada ya wiki kadhaa, alikuta wanafunzi wakizungumza Kifaransa kuliko alivyotarajia. Simulizi hii hutolewa ili kuthibitisha kwamba tafsiri haihitajiki. Ikisomwa kwa makini zaidi, inathibitisha pia jambo jingine: darasani mle alikuwamo Joly. Alikuwa na uso, mikono na hasira zake. Wanafunzi walilazimika kumwelewa mtu, na mtu huyo alilazimika kuwaelewa wao.

Katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wa Saint-Cloud, Ufaransa, wakishirikiana na Petar Guberina wa Zagreb, waliipa njia hii mashine. Kozi yao, Voix et images de France, iliunganisha filamu ya picha tuli na kinasa sauti, kila sentensi ikiandamana na picha yake. Msamiati wake ulitokana na mradi wa Français fondamental ulioongozwa na Georges Gougenheim, ambao ulirekodi mazungumzo halisi ya Wafaransa na kuhesabu maneno. Hesabu hiyo ilileta jambo ambalo waundaji wa programu za nyumbani wangefaidika kulitafakari. Maneno yaliyojitokeza kwa wingi yalikuwa yale madogo yanayounganisha usemi, ilhali nomino za vitu vya kawaida, ambazo kila Mfaransa anazijua, zilijitokeza kwa nadra na bila utaratibu. Ili kuzipata nomino hizo, watafiti walilazimika kuwauliza watu, mada baada ya mada, ni maneno gani yanawajia akilini. Ndiyo waliyoyaita maneno yaliyo tayari, les mots disponibles.

Sasa, picha hupiga nini? Hupiga tufaha, farasi, uma na meza. Haipigi donc, alors, même, wala y na en. Kozi iliyojengwa juu ya picha huelemea upande wa maneno ambayo mazungumzo huyatumia kwa uchache, na huyaogopa yale ambayo mazungumzo hayaendi bila hayo. Saint-Cloud waliujua udhaifu huu, na walikuwa na mwalimu darasani wa kuuziba: aliyeuliza, aliyeigiza, aliyeona uso wa mwanafunzi ukionesha kuwa picha imeeleweka vibaya. Rosetta Stone, iliyoanzishwa na kampuni ya Harrisonburg, Virginia, mwaka 1992, iliibakiza picha na kumwondoa mwalimu.

Inafaa kukumbuka chanzo cha wazo hilo. Allen Stoltzfus, mmoja wa waasisi, alikuwa amejifunza Kijerumani kwa kuishi Ujerumani, kisha akapata taabu ya kujifunza Kirusi darasani; akataka kompyuta impe mtu kile alichokipata yeye Ujerumani. Lakini alichokipata Ujerumani kilikuwa watu. Programu iliyozaliwa na hamu hiyo ilimpa mjifunzaji picha nne na sauti moja.

Kisichopigika picha

Zoezi la msingi la Rosetta Stone linafahamika: sauti ya mzungumzaji mzawa hutamka fungu la maneno, maandishi yakaonekana, na mjifunzaji huchagua picha inayolingana. Akipatia, anasonga mbele. Hakuna tafsiri wala maelezo ya sarufi. Kwa miaka mingi seti ileile ya picha ilitumika karibu kwa lugha zote za kampuni hiyo, kana kwamba ulimwengu uko tayari umekatwa vipande, na kila lugha inabandika majina yake tu juu ya vipande hivyo. Msomaji aliyedhamiriwa hapa ni mtu asiye na lugha yoyote. Kampuni yenyewe ilizoea kumlinganisha na mtoto mchanga.

Mjifunzaji azungumzaye Kiswahili si mtu huyo. Chukua sentensi nyepesi kama Il mange du poisson, na picha ya mvulana mwenye kipande cha samaki mkononi. Kwa Kiswahili picha hiyo ni anakula samaki. Sentensi ya Kifaransa, hata hivyo, inabeba pia hula samaki, yaani ni mtu ambaye samaki ni chakula chake, hata kama kwa sasa amelala. Kiswahili hutenga hali hizo mbili kwa viambishi -na- na hu-. Kifaransa huziweka katika umbo moja la kitenzi na kumwachia msikilizaji aamue kwa muktadha. Picha haina muktadha. Mjifunzaji ataondoka na nusu ya maana akiamini kuwa ameondoka nayo yote, na programu itampa alama kamili.

Vibainishi ni tatizo kubwa zaidi. Kiswahili hakina un, une, le, la wala du. Tofauti ya une fille na la fille haiko kwa msichana aliyepigwa picha. Msichana ni yuleyule, nguo zilezile, tabasamu lilelile. Tofauti iko katika kile ambacho msemaji anadhani msikilizaji wake anakijua tayari. Anayesema la fille anamwambia mwenzake, “unamjua ninayemsema.” Huu ni uhusiano baina ya vichwa viwili, na kamera haina pa kuuelekea. Mjifunzaji wa nyumbani hufaulu zoezi kwa kuangalia nomino peke yake: amesikia fille, ameona msichana mmoja kati ya picha nne, amebonyeza. Kibainishi kimepita kama mlio. Alichojifunza kwa hakika ni ufundi wa kuondoa picha tatu zisizofaa, ufundi ambao hauhitajiki popote nje ya programu hiyo.

Kinachosikitisha ni kwamba mjifunzaji huyu alikuwa na msaada mkubwa mfukoni, akazuiwa kuutoa. Mtu aliyekua akisema kitabu kikubwa kimeanguka na meza kubwa imeanguka hahitaji kushawishiwa kwamba nomino inaweza kuamrisha umbo la maneno yanayoandamana nayo. Mwambie kwa sentensi moja tu kwamba Kifaransa kina ngeli mbili, kwamba ngeli hizo mara nyingi hazionekani kwenye nomino bali kwenye kibainishi kinachoitangulia, na kwa hiyo ajifunze une table kama neno moja na un livre kama neno moja. Atakuwa ameokoa wiki nyingi za kubahatisha. Mzungumzaji wa Kiingereza hana ngazi hiyo ya kupandia. Programu inayojivunia kutotumia lugha ya mtu yeyote inawatendea wote wawili sawa, na kwa kufanya hivyo inamnyima yule mwenye ngazi.

Haki itendeke pia. Programu hii humpa mjifunzaji sauti za wazawa ambazo hazichoki kurudia, na humwondolea aibu. Jambo la pili si dogo. Mwalimu mkuu wa shule, au mama mwenye wajukuu, anaweza kuogopa kuchekwa na vijana darasani kuliko anavyoogopa sarufi. Mbele ya kompyuta anaweza kukosea mara hamsini. Lakini uhuru huo wa kukosea una bei yake, nayo inaonekana waziwazi pale kipaza sauti kinapowashwa.

Kifaransa kina jozi ya maneno dessus na dessous. La kwanza ni juu, la pili ni chini, na kinachoyatenga ni irabu moja. Kiswahili kina irabu tano, na sikio la mzungumzaji wake huzipeleka zote mbili kwenye u moja. Programu hulinganisha sauti ya mjifunzaji na ya mzawa, ikachora mawimbi yake, ikakubali au ikakataa. Inaweza kusema kwamba kuna kosa. Haisemi liko wapi mdomoni. Mjifunzaji hurudia, anakataliwa, anarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu ajuaye Kiswahili angemwambia: tamka i ya siki, ulimi usiondoke mahali pake, kisha viringa midomo kama unayetaka kusema u. Maelekezo hayo hayachukui nusu dakika, na yanawezekana kwa sababu tu mwalimu na mwanafunzi wana lugha moja ya kuyatolea. Mawimbi kwenye skrini hayana lugha hiyo.

Tu, vous na shikamoo

Kama kuna mahali ambapo ukosefu wa msikilizaji unageuka hatari, ni katika viwakilishi vya nafsi ya pili. Brown na Gilman (1960), katika makala yao maarufu kuhusu viwakilishi vya mamlaka na mshikamano, walionesha kwamba uchaguzi wa tu au vous huamuliwa na umbali wa kijamii baina ya wasemaji na nguvu aliyonayo mmoja juu ya mwingine. Hakuna sentensi ya Kifaransa inayoelekezwa kwa mtu ambayo inaweza kuukwepa uchaguzi huo kwa muda mrefu. Sarufi yenyewe inauliza: unasema na nani?

Mswahili anakijua vizuri kinachoulizwa, ila amezoea kukijibu mahali pengine. Heshima yake huanza na shikamoo, ikaendelea na mzee, mama, shangazi au mwalimu, na ikakaa katika sauti na macho. Kiambishi u- cha nafsi ya pili umoja hutumika kwa mtoto na kwa babu vilevile, bila babu kuona amedharauliwa, maana heshima yake imekwisha kulipwa kwa njia nyingine. Mjifunzaji huyu akipelekwa kwenye Kifaransa na picha tupu, atamwambia mzee wa Kifaransa tu kwa moyo mnyofu kabisa. Hatakuwa amekosa adabu. Atakuwa ameipeleka adabu yake mahali ambapo Kifaransa hakiiangalii. Mzee yule hataona picha. Atasikia tu.

Mtu anaweza kupinga kwamba muda na mazoea vitarekebisha hali hiyo. Uzoefu wa Kanada unaitilia shaka hoja hii. Tangu jaribio la St-Lambert, Quebec, mwaka 1965, watoto wanaozungumza Kiingereza wamesomeshwa masomo ya kawaida kwa Kifaransa, wakikisikia miaka mingi kuliko mtumiaji yeyote wa programu. Swain (1985) alibaini kuwa watoto hao walielewa Kifaransa vizuri sana huku usemi wao ukibaki na mapengo ya kisarufi, akahoji kuwa kusikia peke yake hakutoshi iwapo mtu halazimiki kusema na kueleweka. Naye Lyster (1994) alishughulikia pengo hilihili la vous katika madarasa ya aina hiyo, na akaonesha kuwa kufundishwa kwa uwazi lini na kwa nani kunaleta mabadiliko. Ikiwa watoto waliozungukwa na Kifaransa kwa miaka walihitaji kuambiwa, mtu mzima mwenye picha nne atawezaje kukisia?

Baadaye Rosetta Stone iliongeza vipindi vya mtandaoni na wakufunzi halisi. Nyongeza hiyo inasema mengi kuhusu kozi iliyotangulia.

Philippe anaomba msaada

À la rencontre de Philippe ilitengenezwa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts na kundi lililomhusisha Gilberte Furstenberg na Janet Murray, na ikachapishwa na Yale University Press mwaka 1993. Ilitumia diski ya video. Philippe ni mwandishi wa habari kijana wa Paris, amegombana na mpenzi wake Elisabeth, na hana pa kulala. Mjifunzaji anatakiwa kumsaidia kupata nyumba: asikilize ujumbe wa simu, asome matangazo, atumie ramani, aingie kwenye vyumba na kuvikagua. Hadithi ina miisho tofauti kulingana na alichofanya.

Nafasi ya msomaji aliyedhamiriwa hapa ni nyingine kabisa. Yeye ni rafiki mwenye wajibu. Hasikilizi ili achague picha. Anasikiliza kwa sababu asipoelewa ujumbe wa simu, Philippe atalala nje. Vibainishi vinaanza kuwa na kazi, kwa kuwa mtu akisema l'appartement, mjifunzaji lazima ajue ni nyumba ipi waliyokwisha kuitaja. Tu na vous vinasikika vikiwa na watu wake, wenye sura na historia baina yao.

Hata hivyo, sifa zisizidi kipimo. Philippe anaomba, lakini hasikii. Mjifunzaji hachagui yeye mwenyewe kati ya tu na vous, kwa kuwa hakuna anayemjibu usoni. Anashuhudia wengine wakichagua. Pia kazi hii haikuwa ya nyumbani kwa maana halisi. Mashine ya diski ya video ilikuwa ghali, na mahali pake palikuwa maabara za lugha za vyuo vikuu. Teknolojia ile ilipozeeka, Philippe alizeeka nayo, wakati picha nne za Rosetta Stone zilihama kwa urahisi kutoka diski hadi intaneti na hadi simu ya mkononi. Programu iliyokuwa nyepesi kinadharia ndiyo iliyokuwa nyepesi kubebeka.

Hatua iliyofuata ya Furstenberg inastahili kuzingatiwa kuliko diski yenyewe. Mwaka 1997, yeye na wenzake walianzisha Cultura, mradi uliowaunganisha wanafunzi wa Marekani na wa Ufaransa kupitia intaneti. Kila upande ulijibu hojaji ileile, ukiandika maneno yanayohusiana na dhana kama adabu au ubinafsi, kisha majibu yakawekwa sambamba na wanafunzi wakajadiliana. Wamarekani waliandika kwa Kiingereza na Wafaransa kwa Kifaransa. Aliyewahi kutengeneza Paris ndani ya mashine aliishia kuitumia mashine kama dirisha tu baina ya watu, na lugha ya kwanza ya mjifunzaji, ambayo Rosetta Stone iliifukuza, ikarudishiwa kiti chake.

Kwa mjifunzaji wa Kiswahili dirisha kama hilo halina sababu ya kufunguka Paris. Lubumbashi, Bukavu na Goma zina watu wanaozungumza Kiswahili mitaani na waliosomeshwa kwa Kifaransa. Hao ni wasikilizaji ambao programu zote mbili hazikuwadhamiria, na Kifaransa chao kina sura yake. Sabini kwao ni septante na tisini ni nonante, kama ilivyo Ubelgiji, wakati kozi iliyojengwa juu ya Kifaransa cha Paris humfundisha mjifunzaji soixante-dix na quatre-vingt-dix, yaani sitini-na-kumi na nne-mara-ishirini-na-kumi. Mfanyabiashara wa Kigoma aliyevuka ziwa hadi Kalemie, akatajiwa bei ya nonante, atasimama akijiuliza kama amesikia tisa au tisini. Anaweza kuuliza kwa Kiswahili, na atajibiwa. Kisha anaweza kuuliza pia, kwa Kiswahili hichohicho, kama yule mama muuzaji aambiwe tu au vous, na hapohapo mazungumzo juu ya adabu na politesse, ambayo Cultura ililazimika kuyaandalia hojaji, yatakuwa yameanza mbele ya dagaa wa kukausha.